Kamera Inasikia, Mama

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, na huko huko likazeekea. Mtaani aliitwa Kufuli. Hata muuguzi wa zahanati alipochungulia mlangoni aliita, "Kufuli, zamu yako," na wagonjwa wageni wakageuza shingo kumtazama huyo mtu aliyezaliwa chuma.

Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Palikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kinazunguka na kingine kimegoma. Palikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, ufa wenyewe umezibwa kwa stika ya ua, na beseni la kuoshea, na ile mashine ya kukaushia nywele yenye kofia kubwa, iliyonguruma kama inagombana na mtu.

Jina la Kufuli alilipata kwa sababu hii. Mwanamke akishikwa kichwa na mikono ya mwanamke mwenzake, atasema. Hamtazami usoni anayemsikiliza, mikono ile ina joto, na nywele zikivutwa kidogo machozi hupata kisingizio. Kufuli aliyasikia ya ndoa na ya mimba, ya wakwe na ya waume waliohamia chumba cha pili. Siku moja waliketi kwenye vile viti viwili wanawake waliokuwa wakimgombea bwana mmoja bila kujuana, na kila mmoja alikuwa ameshamweleza yake. Akawasuka wote wawili, akazungumzia mvua. Mtu akimaliza kumwaga ya moyoni, Kufuli alikuwa na jibu lake moja tu: "Mimi sijasikia kitu. Inamisha kichwa."

Msaidizi wake alikuwa wifi yake, mdogo wa marehemu, kazi yake kuosha vichwa na kufua taulo. Huyo waliitana naye wifi kwa wifi, lakini mtaa ulimwita Redio, na sidhani kama kuna haja ya kueleza kwa nini. Asubuhi alifungua kinywa pamoja na mlango. Aliimba, akapiga soga, akatangaza nani kaanguka mtaroni na nani kanunua sofa.

"Wifi, punguza sauti," Kufuli alikuwa akimwambia.

"Betri mpya hii, wifi. Vumilia."

Basi mambo yalikwenda hivyo mpaka siku wezi walipoingia. Waliingia mchana kweupe, wenyewe wako msibani, wakabeba mashine ya kukaushia, mfuko mzima wa rasta, na kandambili moja ya Redio. Ya kushoto.

"Mwizi gani huyu anachukua kandambili moja?" Redio alifoka, ameishika ya kulia mkononi.

"Atakuwa anarudi kufuata ya pili," Kufuli akamjibu.

Walicheka, kisha wakatazamana, wakaacha kucheka. Ile habari ya kurudi haikuwa utani sana.

Kufuli alikuwa na mtoto mmoja, kijana aliyeoa karibuni. Alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali, kwenye ghala la kufunga maboksi. Alipopata habari hakulala vizuri. "Mama, naagiza kamera," alisema kwenye simu. "Itafungwa darini, nami nitaiona nyumba kwenye simu yangu nikiwa huku huku."

Fundi wa kamera alikuja na ngazi begani. Alitoboa pembe ya dari, akavuta waya, akahangaika na simu yake kwa muda, kisha akapiga kelele akiwa huko huko juu: "Imekubali! Mama, hii kamera inasikia sana."

Hapa inafaa tutulie kidogo, maana neno hilo ndilo lililozaa yote.

Kwa Kufuli, kusikia lilikuwa neno la kazi. Nywele zinazosikia ni zile zinazolifuata chanuo bila ubishi. Zisizosikia ni zile unazozitia mafuta na maji, na bado zinasimama kama zimetukanwa. Mtoto mtiifu anasikia. Hata simu yake ya zamani, iliyotaka kubonyezwa na kubembelezwa ndipo ifunguke, aliisema kwamba haisikii. Kwa hiyo fundi aliposema kamera inasikia, yeye alielewa kwamba ni nzuri, haina ukaidi.

"Afadhali," alimwambia. "Vitu vya siku hizi vingine havisikii hata ukivipiga."

Fundi akacheka. "Hii huna haja ya kuipiga, mama. Hata ukinong'ona tu."

Kufuli naye akacheka, akachukulia ni majigambo ya fundi anayesifia kazi yake, akamletea chai.

Wateja ndio waliokuja juu. Wa kwanza kuingia alipoona lile jicho jeusi pembeni ya dari, aliushika mtandio wake kwa mikono miwili. "Kichwa changu anakiona mume wangu na Kufuli. Mwanao sijamwalika."

Maneno hayo yalikuwa na haki. Kufuli akampigia mwanawe, naye akakubali bila tatizo: saluni ikiwa na watu kamera ifunikwe, ikifungwa ifunuliwe. Redio akapewa kazi hiyo. Kila asubuhi alipanda juu ya kile kiti kilichogoma, akaitupia kamera taulo la waridi, akasema, "Lala, mwanangu, shangazi anafanya kazi." Wanawake wakacheka, mitandio ikavuliwa, vinywa vikafunguka kama zamani.

Mchana mmoja mvua ilinyesha ikawazuia wateja, akaja mmoja tu. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya barabara kubwa, mwanamke mnyoofu, asiyependa umbea wala kupoteza muda. Aliketi akataka kufumuliwa. Redio alikuwa uani anapambana na taulo zilizolowa. Mwalimu alisubiri mpaka kichwa kilipofumuliwa chote na nywele zikabaki zimesimama ovyo, kisha akasema akikitazama kioo:

"Dada Kufuli, nina uvimbe kwenye titi. Shule zikifungwa nafanyiwa upasuaji."

Mikono ya Kufuli ilitaka kusimama, akaizuia isisimame.

"Mama yangu asijue," Mwalimu aliendelea. "Dada yangu alitutoka kwa ugonjwa huu huu, na mama ndiye aliyemuuguza. Akilisikia neno hili tena, presha itamwangusha. Nataka siku nikimwambia, niwe na majibu mkononi. Anajua mume wangu, anajua daktari, na sasa wewe."

"Mimi sijasikia kitu," Kufuli alisema taratibu kuliko kawaida yake. "Inamisha kichwa."

Akamsuka kwa mkono mwepesi, kama anamsuka mtoto.

Hazikupita siku nyingi, kikongwe mmoja aliingia uwanja wa shule na mfuko wa nguo kichwani, wanafunzi wako mapumzikoni. Alipomwona Mwalimu aliudondosha mfuko. "Hata wewe, mwanangu?" alisema. "Hata wewe, na mimi niambiwe na jirani?" Hakumaliza. Miguu ilimwisha nguvu mbele ya watoto, walimu wakambeba mpaka ofisini, na kutoka hapo akapelekwa hospitali. Presha ilikuwa juu mno. Wakamlaza.

Jioni ile Mwalimu alisimama mlangoni pa saluni. Hakuingia. Vidole vyake vilikuwa bado na vumbi la chaki.

"Dada Kufuli, tulikuwa watu watatu."

"Mwalimu, karibu uketi."

"Mume wangu ameapa mbele yangu. Daktari hamjui mama yangu wala kwao. Mimi nafundisha hesabu, dada. Watatu ukitoa wawili, anabaki nani?"

Mwalimu alimtazama kwa muda, si kwa hasira, ila kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyoishi zamani, akageuka akaenda zake.

Mtu akibanwa hivyo hutafuta pa kushika. Kufuli alipageukia palipo karibu.

"Wifi," alisema, "siku ile ulikuwa uani."

"Nilikuwa uani na taulo na mvua. Ehe?"

"Dirisha la uani huwa wazi."

Redio alikuwa anafagia nywele sakafuni. Akauegemeza ufagio ukutani. "Unaniuliza, wifi, au umeshahukumu?"

"Mtaa mzima unakuita Redio."

"Na mtaa mzima unajua matangazo yangu yanaanzia wapi! Ya mtaroni natangaza, ya sofa natangaza, tena naongeza na chumvi. Ya kwenye kiti hiki umewahi kuyasikia mdomoni mwangu? Hata moja? Litaje."

Kufuli hakulitaja, kwa sababu halikuwepo. Lakini hakusema hivyo. Redio alivua aproni yake akaikunja vizuri, yeye ambaye tangu azaliwe hajawahi kukunja nguo, akaiweka juu ya kiti kilichogoma, akatoka. Siku zilizofuata, taulo la waridi alilitupia Kufuli mwenyewe. Hakumwambia mtu alale.

Saluni ikawa baridi. Walikuja wachache, wakasukwa, wakasema nimeshukuru, wakaondoka. Walizungumzia mvua, na safari hii si yeye aliyeianzisha. Aliyekuwa akisikiliza ya watu akagundua kwamba yeye mwenyewe hana wa kumweleza yake.

Kisha mwanawe akapiga simu. Walisalimiana, akauliza afya, akauliza mvua, halafu akasema:

"Mama, mbona kimya sana siku hizi? Shangazi haimbi. Anaumwa?"

Kufuli alikuwa anaosha machanuo kwenye beseni. Akaliacha moja lizame.

"Umejuaje haimbi?"

"Si nasikia, mama."

"Mchana kamera inafunikwa taulo, mwanangu."

"Taulo linafunika picha. Sauti inapita." Kijana akacheka kidogo. "Kwani fundi hakukwambia kwamba inasikia?"

Kufuli aliketi. Kilikuwa kile kiti kinachozunguka, kikamgeuza polepole mpaka akatazamana na uso wake kwenye kioo.

"Aliniambia," alisema. "Aliniambia kabisa."

Alipoeleza alivyoelewa yeye, kijana alikuwa aangue kicheko, kikamfia kooni.

"Ya Mwalimu uliyasikia?"

"Niliyasikia, mama." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilijua unajua kwamba nasikia. Yeye ndiye aliyenifundisha kuzidisha. Siku ile sikuweza kula. Nilimwambia mke wangu tu."

Na mke, akijua mume wake ana huzuni, alimpigia mama yake mzazi ili wamwombee mgonjwa. Na mama yake huyo alipakana ukuta na mama yake Mwalimu, akaenda kumpa pole. Kila aliyelibeba lile neno alilibeba kwa mikono miwili, kwa huruma. Katika safari nzima hakuna mbaya hata mmoja wa kumkasirikia, na hilo ndilo lililomchosha Kufuli zaidi.

"Lakini kwa nini ulikuwa unasikiliza, mwanangu? Nyumba unaiona usiku, wezi hawaji kusukwa."

"Huku ghalani hatuzungumzi, mama. Kila mtu anaziba masikio, anafunga maboksi. Wenzangu wanasikiliza muziki. Mimi nafungua saluni. Nakusikia unavyocheka, shangazi anavyoimba vibaya, maji yanavyomwagika beseninі. Siku inakwisha."

Kufuli alitaka kumgombeza na alitaka kumkumbatia, na kwa vile hakuweza kufanya lolote kati ya hayo kwenye simu, alimwambia, "Kula vizuri," akakata.

Alikwenda kwanza kwa Redio. Alimkuta barazani anachambua maharage, kimya, jambo ambalo lilikuwa adhabu tosha.

"Wifi, nimekosa."

"Sisikii."

"Nimekosa, wifi. Hukuwa wewe."

"Mawimbi mabaya leo. Rudia."

"Nimekosa!" Kufuli akapaza sauti, jirani akachungulia. Ndipo Redio alipomsogezea kigoda. Kufuli akamweleza yote, la fundi, la kusikia, la mtoto ghalani. Redio alisikiliza hadi mwisho, ameshika punje ya haragwe kidoleni.

"Kwa hiyo redio ilikuwa darini," alisema.

"Darini kabisa."

"Inatangaza mpaka ng'ambo."

"Mpaka ng'ambo."

"Na mimi maisha yangu yote naishia kwenye kona ya duka!" Alicheka peke yake, kisha akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Uliniumiza, wifi. Usidhani nacheka ndiyo imekwisha." Akamkabidhi sinia. "Chambua upande ule."

Kwa Mwalimu hakukuwa na utani. Alimpata hospitali, kwenye benchi la nje ya wodi, mama yake ndani amelala, presha imeanza kushuka. Njia nzima Kufuli alikuwa akipanga maneno ya kusema kwamba ni mitambo, ni fundi, ni mtoto. Alipoketi, maneno hayo aliyaacha.

"Neno lilitoka kwangu, Mwalimu. Halikupita mdomoni mwangu, lakini lilitoka nyumbani mwangu, darini pangu. Niliweka kitu juu ya kichwa chako nisichokijua." Akamweleza.

Mwalimu alisikiliza kama anayesahihisha daftari. Kufuli alipomaliza, Mwalimu hakuuliza juu yake mwenyewe. Aliuliza, "Na ya wengine? Kijana wako ameyasikia ya kila aliyeketi pale?"

Kufuli hakuwa amelifikiria hilo. Lilimwingia kama maji ya baridi mgongoni.

"Sijui kama nimekasirika au nimechoka," Mwalimu alisema. "Niache kwanza, dada."

Akamwacha. Kisha akapita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemtuma, angeweza kunyamaza na pengine hakuna ambaye angejua. Alimweleza kila mteja kwamba tangu kamera ilipofungwa, yaliyosemwa kwenye kiti yamesikika kwa mwanawe. Mmoja alicheka hadi akaketi chini. "Basi amejua mume wangu anakoroma. Amwonee huruma!" Mmoja alitaka kujua mwanawe amesikia nini hasa, neno kwa neno. Mmoja alifunga mlango, na huyo hakurudi tena kusukwa. Kufuli hakumlaumu. Dukani watu walianza kumtania, "Kufuli lisilo na komeo," naye akanunua sukari yake akatoka.

Fundi wa kamera aliitwa tena na ngazi yake. Alishangaa. "Ya nini kuitoa, mama? Nakuzimia sauti tu, picha ibaki."

"Ikizimwa sauti, nani anaweza kuiwasha?"

"Mwanao, kwenye simu yake."

"Na nikiwa nimesimama hapa chini, nitaijuaje kama imewashwa au imezimwa?"

Fundi alikuna kichwa. "Wewe hutajua, mama. Utamwamini."

"Mwanangu namwamini. Lakini watu walioketi hapa waliniamini mimi. Iteremshe."

Ikateremshwa, likabaki tundu darini. Mlangoni Kufuli aliweka geti la chuma, na Redio, aliyekuwa amerudi na aproni yake, alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba Kufuli kanunua kufuli.

Lilibaki la yule mtoto na ghala lake. Kufuli alilifikiria kwa siku kadhaa, akapata njia. Mchana, mwanawe akiwa mapumzikoni, alimpigia simu, akaiweka simu mbele ya kioo, palipo wazi. Na kila aliyeweka mguu ndani alimwambia kabla hajavua mtandio: "Mwanangu yuko hewani. Anasikia. Kusikia kwa masikio, nasema." Waliotaka walimsalimia. Wengine walimsumbua makusudi, wakimuuliza mjukuu analetwa lini. Asiyetaka alitikisa kichwa, na simu ikakatwa bila maelezo.

Shule zilifungwa. Siku moja kabla ya kwenda kulazwa, Mwalimu aliingia saluni. Alikuwa amemshika mama yake mkono. Kufuli akasimama, chanuo mkononi.

"Mwanangu yuko hewani," alisema kwa taabu. "Anasikia."

Mwalimu aliitazama simu pale mbele ya kioo, akainua macho akalitazama lile tundu darini, akayarudisha kwenye simu.

"Saba mara nane?" alisema.

Ghalani kule mtu alikohoa. "Hamsini na sita, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Angalau hilo limebaki kichwani."

"Mwalimu, naomba radhi. Sikujua, lakini..."

"Kata simu, mwanangu."

"Nakata, mwalimu."

Kioo cha simu kikazima. Redio hakuridhika, aliichukua akaipeleka uani, akaifunika na beseni, akarudi akijifuta mikono. Kikongwe aliketishwa kwenye kiti kilichogoma, akakisifu kwa kutulia. Mwalimu akaketi kwenye kile kingine.

"Nisuke mistari ya kulala chini," alisema, "kofia ya hospitali ikae. Bila vibanio."

Kufuli alizipaka nywele mafuta, akapitisha chanuo. Zilikwenda zenyewe. Ulimi wake ulikuwa tayari kusema zinasikia, kama alivyozoea, akalimeza neno.

Alisuka mstari wa kwanza na wa pili. Hakuuliza kitu. Alisikia pumzi za kikongwe, na Redio, aliyerudi uani, akiimba kwa sauti ya chini, vibaya kama kawaida yake.

"Naogopa, dada," Mwalimu alisema.

Lile jibu la miaka yote lilimjia Kufuli mpaka kwenye meno. Akalizuia. Aliuweka mkono mzima juu ya kichwa cha Mwalimu, ukatulia hapo.

"Nimesikia," alisema. Kisha akaanza mstari wa tatu.